Sikukuona

Siku ya kumi na tisa polisi wa Gent waliirudisha baiskeli.
Waliiegemeza ukutani, uani,
kama mlevi aliyeletwa nyumbani na wasamaria.
Gurudumu la mbele limejipinda, tarakimu ya nane
iliyoandikwa na mtoto.
Wannes akaitupia shuka kuukuu.
Nikamwambia toka dirishani: Ifunue. Si maiti.

Bima wametuma fomu, kurasa sita.
*Chora mchoro wa tukio.*
Nimechora njia panda, reli za tramu,
duka la mkate lenye pazia la mistari,
mshale wangu, mshale wake.
Karatasini mishale haikugusana.
Nilikaa na kalamu mpaka chai ikaota utando,
mkono ukakataa kuisogeza hata nukta.
Penye *Shahidi* niliandika: njiwa mmoja.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Nikumbukacho ni kidogo:
manyunyu, liki zimechungulia kwenye kikapu,
taa ya kijani.
Halafu mbingu ikawa upande usio wake.
Halafu kiatu changu cha kushoto, kule mbali,
kimesimama wima katikati ya barabara
kama kinachosubiri kuvuka.
Na mwanamume analia juu yangu:
Sikukuona, sikukuona.
Nami nimevaa koti la njano,
njano ya kuumiza macho,
njano ambayo mwanangu aliionea haya shuleni.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Ung'ongo wangu ni droo ya vijiko.
Ni mlango wa friji. Ni Wannes akipiga chafya.
Usiku ananigusa bega polepole, akitanguliza kikohozi,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Jirani Godelieve huleta supu na neno bahati.
Una bahati, Hilde, una bahati wee!
Nimeihesabu bahati yangu:
skrubu saba kwenye paja,
jino la bandia, fimbo ya kukodi,
na mguu unaotabiri mvua kuliko redio.

Kliniki wana baiskeli isiyokwenda popote.
Nakanyaga dakika kumi, jasho lanitoka,
kioo kinasema kilomita mbili na nusu,
na dirishani ni mti uleule, pipa lilelile.
Umefika wapi leo? Annelore ananitania.
Nimefika kwenye taa, namwambia.
Bado ni ya kijani.
Hacheki. Anapunguza uzito wa kanyagio.

Mwezi wa pili alikuja yeye.
Firmin, mrekebishaji wa piano, miaka sabini na moja,
amekuja kwa tramu; gari ameliuza.
Maneno niliyoyanoa wiki nane
nikayatafuta mdomoni, nikakuta ulimi tu.
Akatoa leso, akaifungua mezani:
kengele yangu, imebonyea upande mmoja.
Alirudi kesho yake alfajiri, akaikuta mferejini,
hakujua ampe nani.
Akaigonga kwa ukucha, mara moja.
Ilikuwa sauti gani zamani? akauliza.
Sikujua. Miaka kumi na miwili naipiga, sikujua.
Imeshuka nusu noti, akasema,
ndipo mikono ikaanza kumtetemeka.

Sikukuona, akasema.
Najua, nikasema. Basi nitazame.
Akanitazama. Kovu, fimbo, jino jeupe mno.
Alitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu,
nami nilimwacha.
Hakuomba msamaha wa mwisho, ule wa kufunga mlango.
Sikuwa nao wa kumpa.
Alikula biskuti moja, akavaa kofia.

Kengele iko kizingitini mwa dirisha la jikoni.
Wannes huigonga supu ikiiva,
na mimi, nusu noti chini, bado naruka.

Jana nilishuka uani bila fimbo.
Nikaitoa shuka, nikashika usukani.
Wenyewe umeelekea kushoto, mimi natazama kulia.
Tukasimama hivyo
mpaka manyunyu yakaanza,
na mguu ulikuwa umeshaniambia.